Baraza la Matofali Sita

Tangu mtaa wao ujengwe upya kwa msaada wa ng'ambo, baada ya mafuriko, kila tofali lilikuwa na sauti. Likiibwa, lililia mpaka mwizi alitupe. Kupitia matofali hayo wakaguzi walisikiliza kutoka nchi za mbali, na hakuna mkubwa aliyethubutu tena kujichotea saruji. Kwa hilo Bi Siwema alishukuru kwa dhati.

Lakini nyumba mpya haikuwa na baraza. Lile la zamani marehemu mumewe, Shali, alilijenga kwa mikono yake, na kila alasiri lilijaa wacheza bao, kashata na ubishi wa bure. Maji yalilichukua, na Shali akafuata mwaka uleule.

Basi Siwema akayapanga mlangoni matofali sita yaliyobaki uani baada ya ujenzi, akatandika mkeka, akamwita jirani yake.

"Karibu, Mwanaesha. Kaa kama zamani."

Mwanaesha hajamaliza hata kikombe cha kwanza, sauti ikatoka chini ya mkeka, ya upole, kama ya mtu asiyewahi kunywa kahawa na mwenzake.

"Mama Siwema, matofali haya yametumika nje ya mpango. Tafadhali yarudishe ghalani leo, au nyumba itachukuliwa. Na huyo uliyeketi naye ni nani?"

Mwanaesha aliinuka, akavuta viatu vyake.

"Si kitu, shoga. Nitakunywa hivihivi, nimesimama."

Siwema aliyabeba mawili mawili. Ghalani yalikuwapo maelfu, yamepangwa mpaka darini, yameota ukungu, salama kabisa.

Siku hizi mtaani kwao kahawa hunywewa kwa kusimama, mbali kidogo na ukuta.