Siku Yao ya Nne

"Četrtek ni Kislovenia, maana yake siku ya nne," Bi Zulfa, jirani aliyetangulia kuhamia mji huo wa ugenini, alimwambia Mwanahamisi. Barua ya ofisi ya uhamiaji ilimtaka afike siku hiyo kuchukua kibali cha kumleta mwanawe. Basi Jumanne akaenda, akakuta mlango umefungwa.

"Kumbe wao huhesabu kuanzia Jumatatu," Bi Zulfa akakumbuka. "Četrtek yao ni Alhamisi."

"Wanaanza wiki siku ya tatu, halafu mjinga niwe mimi!"

Alhamisi, siku iliyompa jina, alifika wa kwanza. Karani aliitupia barua jicho, akairudisha. "Petek," alisema, akaanza kuteremsha pazia la dirisha. Yaani arudi Ijumaa.

Mwanahamisi aliibandika barua kwenye kioo, akagonga kwa kidole lile neno lililoandikwa juu ya muhuri wao wenyewe.

"Četrtek."

"Petek."

"Četrtek!" Sauti yake ilijaa ukumbi mzima. Kisha nyuma yake kwenye foleni mzee mmoja mwenyeji, kofia mkononi, akasema, "Četrtek." Mwanamke wa pembeni naye akalisema.

Pazia likasimama nusu ya kioo.