Pamba na Masizi

Kinyozi alikuwa anatoka na boksi tupu mkononi wakati mshonaji anabisha hodi.

"Jiandae kuhojiwa," alimwambia, nusu akicheka, nusu amenuna. "Nimeomba simbilisi mmoja tu, huyo binti kanifukuza kama kuku aliyeingia sebuleni."

Mshonaji naye alikuja kuchukua mmoja. Alikuwa ameliona tangazo dukani, limeandikwa kwa mkono: simbilisi wawili wanatolewa bure, tunahama Jumamosi. Tangu binti yake aolewe mbali, chumba chake kilikuwa kimya mno kila cherehani iliponyamaza.

Mlango ulifunguliwa na msichana wa miaka kumi na miwili hivi. Nyuma yake, mdogo wake wa miaka mitano alikuwa amechuchumaa kando ya banda la mbao. Ukuta ulikuwa na mabaka meupe mahali picha zilipokuwa.

"Unataka wangapi?"

"Salamu kwanza!" sauti ya shangazi yao ilitoka chumbani.

"Shikamoo, mama. Unataka wangapi?"

"Marahaba, mwanangu. Mmoja. Kwangu ni padogo."

Msichana akaanza kuurudisha mlango.

"We! Nimetukana?"

"Hawatenganishwi," alisema msichana. "Ni ndugu, wamezaliwa siku moja. Simbilisi akibaki peke yake anajikunyata pembeni, anaacha kula. Haumwi kitu. Anaisha tu. Halafu kila mtu anasema kwake padogo. Padogo si sababu."

Kule chumbani, mchakacho wa mifuko ukakoma.

Mshonaji aliinama akachungulia bandani. Walikuwa wawili, wadogo kuliko sungura, wanene kama viazi, hawana mkia. Mmoja mweupe, mwingine mweusi tii. Walikuwa wamebanana hadi kidole kisingepita kati yao. Alivua shingoni futi yake ya kupimia nguo.

"Haya, nipimie. Wanahitaji nafasi kiasi gani?"

Waliitandika futi sakafuni. Sentimita mia na ishirini kwa sitini. Chini ya meza yake ya kukatia vitambaa pangetosha, na chenji ingebaki.

"Basi nawachukua wote."

Alidhani yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza.

"Nyasi kila siku, zisiwe na umande. Vitunguu hapana. Majani ya nyanya hapana. Vyombo vya chakula viwili, wasinyang'anyane. Na kijumba cha kujificha kiwe na milango miwili, wakigombana mmoja apate pa kutokea."

"Kumbe wanagombana?"

"Kila siku. Halafu wanalala hivyo unavyowaona. Una sungura?"

"Sina."

"Paka?"

"Wa jirani. Anapitapita."

"Weka mfuniko wa wavu."

"Mwanangu, nimekuja kuchukua simbilisi au kuomba kazi?"

Yule mdogo aliangua kicheko, akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. "Masizi ndiye mwoga," alinong'ona, akimwonyesha yule mweusi. "Pamba lazima atangulie, ndiyo yeye anatoka."

"Haya yote mmefundishwa na nani?"

"Mama," alisema msichana. "Tumemzika mwezi uliopita. Baba alitangulia."

Mshonaji aliirudisha futi shingoni. "Poleni sana, wanangu. Heri nyinyi mko wawili."

Msichana alijishughulisha na nyasi za bandani, akizipanga upya, ingawa zilikuwa zimepangika.

Shangazi alitokea mlangoni mwa chumba. Macho yalikuwa mekundu. Alisema ni vumbi la kuhama. Mkononi alishika shuka la maua. Miguuni pake palikuwa na mabegi mawili wazi, na mshonaji, kwa jicho la kazi yake, aliona nguo kubwa zimekaa huku, ndogo kule. Shangazi aliliweka shuka kwenye begi moja, akalitoa, akaliweka kwenye jingine, akalitoa tena, akabaki amelikumbatia.

"Niahidi," msichana alimwambia mshonaji. "Hata mtu akija kukuomba mmoja. Hata akiwa ndugu yako. Hata akisema atampenda sana."

"Naahidi."

"Sema yote."

"Sitawatenganisha. Hata akija ndugu yangu, hata akisema atampenda sana."

Shangazi aligeuka, akarudi chumbani, akasukuma mlango nyuma yake.

Waliwatia kwenye kikapu. Yule mdogo aliwabusu mmoja mmoja, kisha akataka kurudia, akaruhusiwa. Hakulia. "Tutakuja kuwaona," aliwaambia. "Mimi na Dada. Au siyo, Dada?"

"Ndiyo."

Mshonaji akaona huruma. Alichomoa mfukoni kipande cha karatasi ya kuchorea mishono na kalamu ya risasi. "Niandikieni huko mnakohamia. Nikipita nitawaletea habari zao."

Msichana aliegemea ukuta, akaandika. Aliandika kwa muda mrefu, mkono wa kushoto ukiwa umeikinga karatasi. Kisha akaikunja mara mbili, akampa.

Mshonaji aliifungua pale pale kizingitini, asije akashindwa kuusoma mwandiko mbele ya safari. Zilikuwa anwani mbili, za miji miwili. Mbele ya ile ya kwanza paliandikwa: *mimi*. Mbele ya ile ya pili: *mdogo wangu*.

Alifumbua kinywa. Msichana akamshika kiganja, akamkunjia vidole juu ya karatasi.

"Usisome kwa sauti, mama," alinong'ona. "Yeye bado hajaambiwa."