Udongo wa Sikukuu

Jusepa alikuwa akisiriba ukuta wa kanisa, kazi ya wanawake kila mwaka kabla ya sikukuu, shangazi yake alipomshika mkono.

"Acha, mwanangu. Mwaka huu hatusiribi."

"Padri si atanigombeza?"

"Atakugombeza lini?" Shangazi alicheka kwa mdomo tu. "Kesho wanaume wetu wanalichoma kanisa, huyo padri wako Mhispania akiwa ndani."

Humo ndani binti mdogo wa Jusepa alikuwa akiimba na padri, yule yule aliyemuuguza mtoto huyo alipougua ndui.

Udongo ulianza kumkauka Jusepa vidoleni, ukimbana ngozi.

Padri akachungulia mlangoni, akitabasamu. "Umemaliza, binti yangu?"

Jusepa akasogea, akakificha nyuma yake chungu kilichojaa udongo.

"Udongo umeisha, Padri. Nipe mtoto twende tukachimbe mwingine."