Mwizi wa Mvua Uani kwa Ngoy

Alfajiri hiyo Papa Ngoy alikuwa amelala kifudifudi chini ya kichanja cha kuanikia samaki, tope hadi ndevuni, kafi mkononi, akimvizia mwizi wa mvua.

Usicheke. Mvua ilikuwa inaibwa kweli. Tangu mwezi wa nane, mwezi ambao Nchelenge nzima, huku Zambia kando ya ziwa, inaujua kuwa wa vumbi, mvua ilikuwa inanyesha kila usiku bila aibu. Chisense, vile visamaki vya ziwani vinavyotaka jua la siku moja tu, vilikuwa vinaozea juu ya kichanja. Ngoy alikuwa ametia mtaji wake wote humo. Shehena ya tatu ilinuka hata mbwa wakaisusa.

Bahati nzuri, kulikuwa na asiranse, yaani bima. Watu wa kampuni kutoka Lusaka walikuja na soda na neno tabianchi, wakasimika kipimo cha mvua: chupa ndefu ya plastiki, yenye mstari mwekundu. Waliisimika uani kwa Ngoy, kwa sababu Ngoy ndiye aliyekuwa prezida. Alikuwa prezida wa kila kitu chenye semina: asiranse, miti, malaria, vyoo. Mvua ya wiki ikifika kwenye mstari, kampuni inamlipa kila mwenye kichanja. Isipofika, basi haikunyesha. Samaki waliooza si ushahidi.

Usiku Ngoy aliiona kwa macho yake chupa ikijaa. Lakini yeye si mtu wa kuamka kabla ya chai, na kila Ijumaa Lackson, karani wa kampuni, alipokuja na baiskeli yake, aliikuta tupu.

"Kavu, ba prezida," alisema Ijumaa iliyopita, akiwa amesimama na mabuti yake kwenye maji ya kufika vifundoni.

"Na ile mayi iko mu mabote yako, inatokea wapi?"

"Iyo haiko pa fomu."

Damu ilimchemka Ngoy. Nani mwingine angenufaika na chupa tupu kama si kampuni? Ni huyuhuyu Lackson anayetumwa kuja alfajiri kumwaga, kisha anarudi asubuhi na kalamu, uso mkavu. Na leo ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya mkataba. Akiandika sifuri tena, Ngoy atarudi kambini kwa wakimbizi kulima mihogo, baada ya miaka sita ya kujiita mfanyabiashara.

Mkewe Simone, mama wa Gloire, hakuipenda hii habari ya kulala nje.

"Papa Gloire, ingia mu nyumba. Utagonjwa."

"Wewe fanya kazi yako, mwanamuke. Acha na mi nifanye yangu."

"Yangu naifanyaka kila siku," alijibu Simone, akaenda kulala.

Mvua ilinyesha usiku kucha. Kulipopambazuka Ngoy alichungulia, na roho yake ikafurahi: maji yalikuwa yamepita mstari mwekundu, vidole viwili vizima. Alianza hata kufikiria nyavu mpya.

Kisha akasikia miguu kwenye tope. Akakaza mkono kwenye kafi.

Kumbe ni Simone, na fulana yake ya semina ya malaria. Ngoy alitaka kumfukuza kwa ishara, asije akamshtua mwizi. Simone hakumwona. Aliinamisha sufuria ya maji ya kuku, akageuza kopo, akakung'uta tairi kuukuu. Halafu, kwa mwendo uleule, akaichomoa chupa ya kampuni kwenye nguzo yake, akaipindua, akaifuta vizuri kwa kitenge na kuirudisha.

Kengele ya baiskeli ililia barabarani. Ngoy alijitokeza chini ya kichanja, kafi bado mkononi.

"Usiogope, Papa Gloire," Simone alimwambia kwa fahari. "Tangu mwezi wa nane sijaacha hata siku moja. Ulisema mu mkutano ya malaria, mutu mwenye kuacha mayi ilale mu kyombo, analipa kuku. Batu baseme bibi ya prezida njo wa kwanza kuvunja sheria?"