Kaburi Fupi

Ajok alikausha mguu wa kushoto wa baba yake kwa kitambaa, katikati ya vidole, kimoja kimoja. Akaukagua kama una kidonda, kisha akauvalisha soksi. Wa kulia hakuugusa. Ndio uliokuwa ukiuma.

“Vimeanza tena,” alisema Mzee Okwera. “Vidole vimekunjana kama mtu amevikalia.”

“Tutaenda pole, Baba.”

Sista Rosalba wa kliniki alikuwa amesema waanze kidogo. Kwanza mpaka bomba la maji. Mguu ukizoea, mpaka geti la kambi. Ukizoea tena, mpaka barabarani. Chai bila sukari, ugali wa posho kidogo, mboga za dodo kwa wingi. Alisema pia, bila kumficha mzee, kwamba akirudi kulala mchana kutwa sukari itapanda, na safari hii itamchukua mzima mzima.

Kuhusu maumivu aliinua mabega tu. “Dawa yangu haifiki hapo panapouma, mzee.”

Wakatoka. Kambi ya polisi ya Nsambya ilikuwa inaamka: masufuria, redio, watoto wakitafuta viatu vya shule. Mzee alishika fimbo mkono mmoja, Ajok akamshika mwingine.

Jirani yao Filda alikuwa anafagia mlangoni kwake. “Afande, kwa mwendo huo leo utamkamata nani?”

“Wewe. Wewe hujui kukimbia.”

Filda alicheka, halafu akaacha. Mzee alikuwa amesimama, amegeuka, anatazama chini nyuma yake kama mtu aliyevutwa suruali. Hapakuwa na kitu.

“Ni lile kaburi,” Filda alimwambia Ajok kwa sauti ndogo. “Nilikuambia mapema. Kitu kikizikwa vibaya hakilali.”

Ajok alijua. Mwaka jana baba yake mdogo, Ogwal, alishuka kwenye basi kule Lira mvua ikinyesha, akachimba peke yake nyuma ya nyumba kabla giza halijaingia. Hapakuwa na mchungaji. Hapakuwa na matanga. Hakuna aliyepika, hakuna aliyelia. Kaburi likatoka fupi, na Ogwal alikuwa amelowa, amechoka. Akakunja, akafukia, akaenda kulala. Kwao hata mwizi hazikwi amekunjwa. Maumivu yalianza baada ya hapo.

Kwenye geti mzee aliketi kwenye benchi ya askari wa zamu. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. Barabara ilikuwa pale mbele, karibu kabisa, lakini hakuitazama.

“Mwanangu, mimi nimemaliza kutembea. Kesho usinivalishe viatu.”

Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomtisha Ajok. Angepiga kelele, Ajok angejua la kumjibu.

Akatoa simu. Jana alikuwa amempigia Ogwal na kumsihi mpaka akakubali. Sasa alipiga tena, akaweka sauti ya juu, akaishika karibu na mdomo wa baba yake.

“Niko ndani ya shimo,” Ogwal alisema.

“Umelipanua?” mzee aliuliza.

“Nimelipanua, kaka. Na mkeka mpya uko hapa.” Jembe lilisikika likiwekwa chini. Kisha ikawa pumzi tu. “Imebaki mifupa, kaka. Wewe unanitafutia ndoto mbaya.”

“Ndoto nitaota mimi. Nyoosha. Pole pole, usivunje.”

Udongo ulichakarika ndani ya simu. Ajok alimtazama baba yake usoni. Mikunjo ya paji la uso ililegea, mmoja baada ya mwingine. Mabega yakashuka. Tangu mwaka jana hakuwahi kumwona amekaa hivyo.

Mzee akainama, akapandisha suruali upande wa kulia, akalegeza mikanda chini ya goti, akautoa mguu wa plastiki pamoja na kiatu chake, akampa Ajok aushike.

“Ogwal,” alisema, amefumba macho, “kile kidole kidogo cha mwisho bado. Kinyooshe.”