Filamu ya Kumtafuta Baba

Haya nilisimuliwa na Apio, mke wa Opoka, Jumamosi iliyopita tukichambua dodo, mchicha wa huku, hapa Bukoto, Kampala.

Opoka alikuwa mpiga picha wa polisi, sasa amestaafu. Siku hiyo alisimama katika duka la vifaa vya picha la Zuleika, kule Old Kampala, mkononi filamu mbili za slaidi, zile za kumulika ukutani, ameshindwa kuchagua.

"Hii inapendezesha," Zuleika akamwambia. "Nyasi kavu inatoka kijani kabisa. Watu wa kalenda wanaipenda. Hiyo nyingine haiongezi rangi, na hata kijiwe kidogo utakiona. Lakini ni ya polepole, haitaki kamera itikisike. Na wewe, Afande, mkono unatetemeka."

"Nina stendi. Hiyo ya kalenda nitanunua siku nikioa tena. Mimi natafuta kaburi la baba."

Baba yake alikuwa askari jeshi, akafa vitani Opoka akiwa mdogo. Mama yake, Abalo, akamlea hapa Kampala, ndani ya kambi ya jeshi. Kwao kaskazini mtoto hakujua hata njia, na wazee wa huko walikwisha. Kila alipouliza kaburi liko wapi, mama alijibu, "Hilo linaonyeshwa kwa kidole, si kwa mdomo."

Sasa mama hawezi safari, na daktari ameshasema siku ni chache. Opoka alitaka amzike kando ya mumewe. Picha za kwenye simu walijaribu kumwonyesha, lakini mama akigusa picha kwa kidole, inakimbia.

Basi akachukua ile filamu isiyoongeza rangi, akaenda kaskazini kwa kuuliza njia, akapiga picha shamba lote la ukoo kwa kamera ya picha pana, kuanzia mtoni mpaka mlimani. Filamu ikapelekwa Nairobi kusafishwa. Wiki tatu nzima. Mama akawa anakunywa uji vijiko viwili, anasukuma bakuli.

Slaidi zikarudi, naye bado yupo. Mchana huo Apio akafunga mapazia, wakatundika shuka, Opoka akawasha mashine. Shamba likajaa ukutani, udongo wake na mawe yake yote.

Mama akatazama sana, sana.

"Ulipochoka, Opoka, ulipumzika wapi?"

"Hapo penye jiwe jeupe, Mama. Nilikula muhogo wangu hapo."

Kidole cha mama kikaenda polepole juu ya shuka, kikasimama.

"Basi ulikula na baba yako."

Opoka akalia mbele ya mke wake bila haya. Kisha akatoka uani mbiombio kumpigia simu fundi wa kujenga makaburi.

Apio akamrudisha mama kitandani, akamfunika miguu. "Tumeshukuru, Mama. Sasa mtakuwa pamoja."

"Pale hapana mtu, Apio," mama akasema. "Mume wangu hawakumleta kutoka vitani. Mwache ajenge." Akageuka upande, akalala.