Fomu ya Damu

Jumanne, tarehe nane Julai. Asubuhi ya ukungu na manyunyu.

Daktari alikuwa kazini kwa saa thelathini na mbili. Alijaza fomu ya kumwombea damu mtoto wa kitanda cha nne, akampa muuguzi.

Muuguzi aliisoma, akairudisha. "Daktari, leo umejilaza wodini? Kwenye jina la mgonjwa umeandika lako. Hata kundi la damu ni lako."

Daktari aliutazama mwandiko wake. Ulikuwa mzuri, umenyooka, haukutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo lililomtisha.

Akaikata fomu kwa mstari mmoja. Alipojaza nyingine, alimwomba muuguzi aisome kwa sauti, mama wa mtoto akisikiliza.

Mganga mkuu aliingia, koti lake limelowa mabegani. "Dada yangu, niokoe. Wa zamu ya leo anaumwa. Shika zamu yake mpaka jioni tu."

Hata jana alisema jioni tu.

Daktari alifumba macho, akaomba kimoyomoyo. Kisha akatoa simu ya zamu mfukoni na kuiweka kiganjani mwa mkuu. Bado ilikuwa na joto la mwili wake.

"Sasa mimi nimpe nani?"

"Shika wewe, kaka. Ulikuwa daktari kabla hujawa mkuu."

Muuguzi alificha kicheko. Daktari hakucheka. Alimgeukia mama wa mtoto.

"Mama, nilikosea, nusura nimdhuru mwanao. Mbele yako, mbele ya hawa wawili na mbele za Mungu, sitamgusa mgonjwa yeyote tena kabla sijalala."